Dakika Hamsini za Angani

Simu iliita, Mama Pacha akiwa katikati ya mshono, mguu juu ya kanyagio la cherehani, pini mdomoni. Alipoona ni kaka yake mkubwa, alizitema pini kiganjani.

"Kadogo," kaka alisema, "baba ameanguka. Upande mmoja wote wa mwili umekufa ganzi. Tuko naye hospitali."

"Anaongea?"

"Anajaribu. Ulimi umekuwa mzito. Lakini neno moja tunalisikia vizuri, anakutaja wewe. Njoo."

Njoo. Kutamka ni rahisi. Kati ya mji aliokuwa akiishi Mama Pacha na mji wa baba yake kulikuwa na milima, na baada ya milima kulikuwa na mto, na juu ya mto kulikuwa na daraja hadi wiki mbili zilizopita mafuriko yalipolibeba kama ukuni. Enzi za daraja, ukipanda basi jioni unafika kesho yake jioni. Sasa mabasi yaliishia ng'ambo ya huku, abiria wanavuka kwa miguu juu ya mbao zilizofungwa kamba, halafu kila mtu anajitafutia usafiri ng'ambo ya pili. Waliopita njia hiyo walisema ni siku mbili, ukiwa na bahati.

Kwa ndege ilikuwa dakika hamsini.

Hilo kila mtu mtaani alilijua, kwa sababu nyumba zao zilikuwa zimejipanga nyuma ya ukuta wa uwanja wa ndege, na kila ndege ilipopaa vikombe kabatini viligonganagongana. Na hakuna aliyelijua zaidi ya Baba Pacha, mume wake, ambaye aliingia ndani ya ndege hizo mara saba au nane kwa siku. Aliingia akiwa na mfuko wa taka, dawa ya choo na kitambaa. Alizifahamu ndege kama mtu anavyoifahamu nyumba ya mwajiri wake: kila kona, ila hajawahi kulala humo.

"Basi panda ndege," alisema kaka. "Mumeo si mtu wa uwanja? Atashindwaje kukupatia kiti?"

Mama Pacha alisema atakuja, akakata simu, akabaki anaitazama nguo ya mteja iliyoshonwa mkono mmoja.

Mama mkwe wake, ambaye wote pale nyumbani walimwita Bibi, alikuwa kizingitini akiwasuka pacha nywele. Alikuwa amesikia kila kitu. Masikio yake hayakuwahi kuzeeka.

"Usilie kwanza," alisema. "Mumeo akirudi tutaongea naye. Mtu anayeshinda ndani ya ndege kutwa nzima anakosaje kiti kimoja cha mkewe? Ningekuwa nashinda ndani ya sufuria ningekosa chakula?"

&nbsp;

Baba Pacha alirudi, akaambiwa, akakaa chini bila kuvua koti la kazi. Lilikuwa koti la kijani lenye mistari inayong'aa, na mgongoni liliandikwa jina la kampuni ya usafi, si la shirika la ndege. Ila watu wa mbali husoma rangi, hawasomi maandishi.

"Tiketi zimeisha," alisema. "Tangu daraja livunjike kila mwenye uwezo anapanda ndege. Hata ungekuwa na gunia la hela, wiki hii hakuna kiti."

"Na kwa upande wenu?" mkewe aliuliza. "Wafanyakazi hawana namna?"

"Wanayo. Wafanyakazi wa shirika."

"Kaulize basi."

Alikwenda kuuliza asubuhi iliyofuata. Msimamizi wao walimwita Bwana Haraka, kwa kuwa ndilo neno lililomtoka mdomoni akiamka na akilala. Alikuwa kwenye kibanda cha vifaa, anahesabu chupa za dawa.

"Mkwe wangu kapooza, bosi. Mke wangu anatakiwa kule. Nilikuwa naomba, kama kuna ile nafasi ya wafanyakazi..."

Bwana Haraka alimtazama, halafu akawatazama wasafishaji wengine waliokuwa wanavaa glavu, kama anayewaita waje kwenye kichekesho.

"Wewe ni mfanyakazi wa nani?"

"Wa kampuni ya usafi."

"Haya. Ukipewa wewe tiketi ya shirika, na haya mafagio nayo si yatadai? Maana nayo yanapanda ndege kila siku."

Wenzake wawili walicheka, si kwa ubaya, ila bosi akitania lazima mtu acheke. Baba Pacha naye alicheka kidogo. Hicho kicheko chake mwenyewe ndicho kilichomuuma siku nzima.

Msaada ulitoka mahali ambapo hakwenda kuuomba. Mama Pacha ndiye aliyekuwa akiwapunguzia sketi za sare dada wa kaunta, wale wanaopokea mizigo na kutoa karatasi za viti. Mmoja wao alikuja nyumbani kufuata sketi yake, akamkuta fundi macho yamevimba. Akaambiwa.

"Mimi nina tiketi zangu za ndugu," alisema yule dada. "Kwa mwaka napewa chache, na sijazitumia. Nitakuandika wewe ni dada yangu. Lakini nisikufiche, hizo ni tiketi za kusubiri. Abiria waliolipa wakishaingia wote, kikibaki kiti ndipo unaitwa. Kisipobaki, unasubiri ndege inayofuata."

"Na kwa siku ziko ngapi?"

"Tatu. Asubuhi, mchana, jioni. Hukosi."

Mama Pacha alimshika mikono yote miwili. Bibi alisimama, na magoti yake hayo, akamshukuru binti wa watu kama vile ameshafikisha mtu. Hata ile sketi dada wa kaunta alitaka kuilipia ikashindikana kabisa; alirudishiwa hela yake mkobani kwa nguvu.

&nbsp;

Ukumbi wa abiria ulikuwa na viti vya chuma vilivyoungana, vyenye matundu, baridi yake inapenya nguoni. Mama Pacha alikaa karibu na kaunta, begi miguuni, amevaa gauni lake la kwenda mahali. Ndege ya asubuhi ikajaa. Ya mchana ikajaa. Kila mara utaratibu ulikuwa uleule: watu wanapanga foleni, wanapungua, dada wa kaunta anatazama kompyuta yake, halafu anamtazama yeye na kutikisa kichwa taratibu. Kisha kioo kikubwa kinatetemeka, ndege inakimbia, inanyanyuka. Mama Pacha aliisindikiza kwa macho mpaka inakuwa kama inzi, na alijua kabla hajamaliza kwenda chooni na kurudi, watu waliokuwa mbele yake kwenye foleni watakuwa wanashuka katika mji wa baba yake.

Kila Baba Pacha alipopata upenyo alikuja upande wa pili wa kioo, na koti lake la kijani, akainua kidole gumba. Mkewe akatikisa kichwa. Naye akaonyesha kwa mkono: inayofuata.

Ya jioni nayo ikajaa. Walirudi nyumbani kwa miguu. Pacha waliruka kutoka kitandani waliposikia mlango.

"Mama umerudi! Babu kapona?"

"Sijafika bado, wanangu."

"Sasa ulikuwa wapi siku nzima?"



Kaka alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuulizwa na ndugu wengine. "Kadogo, hapa watu hawaelewi. Shangazi anasema labda hutaki kuja. Mimi nawaambia unasubiri kiti. Wananiuliza, kiti gani cha kusubiri siku nzima kwa safari ya saa moja isiyofika?"

"Waambie kesho."

"Baba leo amekunywa uji kidogo. Anatazama mlangoni tu."

&nbsp;

Kesho yake ndege ya asubuhi ikajaa. Lakini ya mchana, foleni ilipokwisha, dada wa kaunta alitazama kompyuta, akatazama mlangoni, akatazama saa yake, kisha akampungia mkono kwa haraka kama mtu anayeiba.

"Kiti kimoja. Kimbia!"

Mama Pacha alikimbia. Alivuka mlango, akakanyaga lami yenye joto, upepo wa injini ukampeperushia mtandio. Akapanda ngazi. Mhudumu wa ndege alimwonyesha nyuma kabisa, kiti cha dirishani. Na huko nyuma alimkuta mumewe, anafunga mfuko wa mwisho wa taka.

Walitazamana, wakashindwa kujizuia kucheka. Baba Pacha aliliweka begi juu, akalifunga lile kabati la mizigo kwa kiganja.

"Huu mkanda," alisema, "hiki kinaingia humu. Ukitaka kutoka unanyanyua hapa. Umeona?"

"Nimeona."

"Wakikuletea maji, kunywa. Hawadai hela." Akainama kidogo zaidi. "Mwambie baba tunamwombea."

Akashuka na mfuko wake. Mama Pacha alimwona dirishani akitembea kwenda kwenye toroli la taka, na mwendo wake haukuwa wa siku zote. Alitembea kama mtu aliyelipwa. Akampigia simu kaka yake hapohapo. "Nimekaa," alisema. "Kaka, nimekaa ndani ya ndege." Akasikia kule kaka anawatangazia wenzake, na mtu mmoja anapiga makofi.

Ngazi ilikuwa haijaondolewa. Gari dogo jeupe lilikuja mbio kutoka jengoni, likasimama, akashuka mwanamume mwenye suti na mkoba mwembamba. Baada ya muda mfupi mhudumu alikuja nyuma, uso umekaa vibaya.

"Mama, samahani sana. Abiria mwenye kiti hiki amefika. Tunaomba ushuke."

"Lakini nimeshakaa."

"Najua, mama. Tiketi yako ni ya kusubiri."

"Baba yangu anaumwa."

"Pole sana. Tunachelewa kuondoka, mama."

Mama Pacha alitaka kusimama, mkanda ukamrudisha. Akashika kile chuma, akavuta, akabonyeza, vidole vilivyoshona nguo za harusi za mtaa mzima vikakataa kufungua mkanda mmoja. Mhudumu akainama juu ya mapaja yake akamfungulia, kama mtoto. Mwanamume mwenye suti alikuwa amesimama kwenye njia, anatazama simu yake. Begi likashushwa. Ikambidi apite katikati ya viti vyote, kutoka mwisho mpaka mwanzo, na kila uso uliinuka.

"Kafanya nini yule?" mwanamke mmoja alinong'ona.

"Tiketi bandia labda."

"Jamani, mtu mzima."

Chini ya ngazi alisimama Baba Pacha. Alikuwa bado na mfuko wa taka mkono wa kushoto. Alipokea begi kwa mkono wa kulia, wakasimama hivyo, yeye kabeba taka za abiria huku na nguo za mkewe kule, mlango wa ndege ukafungwa.

"Baba Pacha!" Bwana Haraka alipiga kelele kutoka kwenye kibanda. "Unapiga picha? Nyingine inatua! Haraka!"

&nbsp;

Walionana tena nje, kwenye maegesho ya magari, Baba Pacha alipopewa dakika za kula. Mama Pacha alikuwa amesimama juani na begi begani. Hakuwa analia. Hilo lilimtisha mumewe zaidi.

"Naenda stendi," alisema. "Kuna basi la saa kumi."

"Basi? Mpaka kwenye daraja? Mke wangu, subiri ya jioni."

"Jana uliniambia subiri ya jioni."

"Ile ilijaa. Hii inaweza isijae. Ukipata kiti, saa moja tu na uko kitandani kwake."

"Saa moja yako hiyo nimeikalia siku mbili, Baba Pacha. Siku mbili! Ningepanda basi siku ile kaka alipopiga simu, leo hii ningekuwa nimeshafika. Kwa mbao, kwa kamba, kwa matope, ningekuwa nimeshafika."

"Ningejuaje? Nilitaka ufike upesi."

"Najua ulitaka."

"Na ukiondoka sasa, hizo siku mbili za kusubiri zinapotea bure. Halafu unaanza nyingine mbili."

"Na nikibaki, kesho utaniambia nini? Kwamba zimekuwa tatu, nisizipoteze?"

Gari la teksi liliwapigia honi wasogee, wakasogea, kila mmoja upande wake, likapita katikati.

"Siwezi tena kukaa kwenye kile kiti cha chuma," mkewe alisema kwa sauti ya chini. "Siwezi kutolewa tena mbele za watu. Barabara ni mbaya, lakini ukipanda unasogea. Hata hatua moja, unasogea."

Baba Pacha alimpa alichokuwa nacho mfukoni, hakikuwa kingi. Alitaka kumsindikiza stendi, ila muda wake ulikuwa umekwisha na jina lake lilishaanza kuitwa. Akamtazama akivuka barabara. Hakugeuka.

&nbsp;

Ndege ya jioni ilitakiwa kubeba watu wa mkutano fulani. Mkutano ukachelewa kwisha, basi lao likakwama kwenye foleni ya magari mjini, na muda ukafika. Dada wa kaunta alipotazama kompyuta yake aliona viti sita vitupu. Akasimama, akautazama ukumbi. Akaita jina la Mama Pacha. Akaliita tena kwa kipaza sauti. Akatoka mpaka vyooni. Mwishowe akakimbia hadi lamini, viatu vya kisigino mkononi.

"Shemeji! Mkeo yuko wapi? Viti sita! Viti sita, shemeji!"

Baba Pacha alikuwa ametoka kukisafisha kile kiti cha dirishani kwa mara ya pili siku hiyo. Aliangusha kitambaa akatoa simu. Namba haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Basi lilishaingia milimani, na milimani hakuna mtandao.

"Tunaweza kusubiri kidogo?" aliuliza, na huku akiuliza alijua ni swali la kijinga.

Dada wa kaunta alitikisa kichwa, machozi yanamlengalenga. Ngazi ikaondolewa.

"Nakuomba kitu," Baba Pacha alisema. "Asilijue hili."

Wakati huohuo basi lilikuwa linapanda mlima kwa gia ndogo, linakoroma, nyuma ya lori la saruji. Mama Pacha alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo. Alisikia muungurumo, akainua macho, akaona taa nyekundu inayowaka na kuzima ikipita juu ya mlima uleule ambao dereva alisema wataukwea mpaka kunakucha. Ikapita. Haikuchukua hata muda wa kukohoa. Imejaa, alijiambia, na wazo hilo lilimpa nguvu za kufumba macho.

Nyumbani, Bibi alimwuliza mwanawe kabla hajavua viatu. "Na ya jioni?"

"Ilijaa, mama."

"Basi kafanya la maana kuondoka," alisema Bibi, akaendelea kuwafunika wajukuu.

&nbsp;

Kwenye mto, mchana wa siku iliyofuata, abiria walivuka mmoja mmoja. Mbao zilikuwa zinateleza, maji ya kahawia yanapita chini kwa ghadhabu. Vijana wa pale walikuwa wanabeba mizigo na hata watu, na Mama Pacha aliposita katikati, mmoja alimnyanyua mgongoni bila kumuuliza, akampeleka ng'ambo viatu vinaning'inia, watu wanacheka. Hakujali. Alikuwa anasogea. Ng'ambo ya pili alipata lori la mbao, akakaa juu ya mzigo na wanawake wengine watatu, mvua ikawanyeshea, ikaacha, ikarudi. Mtandao uliporudi kidogo alimpigia kaka. Simu ikaita tu bila kupokelewa. Akasema moyoni wako na daktari.

Alifika siku ya pili yake, jua limeshapanda. Alishuka njia panda, akatembea, gauni lake la kwenda mahali limekauka na matope. Alipokata kona ya mwisho aliona nyumba ya baba yake, na mbele ya nyumba viti vya kukodi vimepangwa mistari.

Baba Pacha alipokea simu akiwa ndani ya ndege, amepiga magoti anatoa magazeti na chupa kwenye mifuko ya viti.

"Nimefika," mkewe alisema.

"Umemkuta?"

"Nimekuta viti nje."

Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mgongo wa kiti. "Lini?"

"Jana, wakati jua linazama. Kaka anasema alikuwa na akili zake mpaka mchana. Alikuwa anawatambua watu. Shangazi alimshika mkono akasema, Kadogo huyo anakuja, na baba akaufinya." Sauti yake ilikatika, ikarudi. "Baba Pacha. Ile ndege ya jioni. Ile niliyoiacha. Ilikuwa na nafasi?"

Mfuko wa taka ulikuwa wazi mbele yake. Angefika saa mbili usiku, Baba Pacha aliwaza. Angekaa naye usiku mzima na siku nzima. Angeshikwa mkono yeye.

"Ilijaa," alisema.

"Yote?"

"Yote. Watu wa mkutano. Hata dada wa kaunta alisikitika."

Alimsikia mkewe akishusha pumzi ndefu, ya mtu anayetuliwa mzigo. "Basi hata ningebaki," alisema. "Basi hata ningebaki, isingekuwa."

"Isingekuwa, mke wangu."

&nbsp;

Baada ya mazishi ndugu walikataa arudi kwa njia ile. Kaka mkubwa, ambaye alikuwa ameona miguu ya dada yake ilivyochubuka, aliwachangisha wenzake wakamnunulia tiketi ya ndege, tiketi kamili, maana viti vilishaanza kupatikana. Hakuna aliyemwambia asubiri. Alipewa karatasi yenye namba, akakaa kwenye namba yake, akafunga mkanda mwenyewe.

Aliletewa maji. Alikuwa hajafika nusu ya chupa aliposikia masikio yanaziba, ndege inashuka. Akatazama chini. Mto ulikuwa umeshapita. Milima ilikuwa imeshapita. Yale mapaa ya bati yaliyokuwa yanakuja mbio yalikuwa ya mtaa wake.

Baba Pacha alikuwa chini ya ngazi na wenzake, wanasubiri abiria waishe ili wapande kusafisha. Mama Pacha alishuka akiwa amefunga kitambaa cheusi kichwani. Alisimama mbele ya mumewe, akageuka kuitazama ndege, kisha akamtazama yeye.

"Kumbe ni karibu hivi," alisema.

Abiria walikuwa wanawapita pande zote mbili.

Dada wa kaunta ndiye aliyekuwa zamu ya kuwapokea. Alipomwona aliacha kila kitu, akaja akamkumbatia, akaanza kulia kabla yake. Na katika kulia huko akasahau.

"Pole, dada yangu. Pole sana. Mimi sijalala tangu siku ile. Nilikuita, nilikuita na kipaza sauti, mpaka chooni nilikufuata. Viti sita, dada. Sita vimeondoka vitupu..." Hapo ndipo alipouona uso wa Baba Pacha juu ya bega la mkewe. Akaweka mkono mdomoni.

Injini ilikuwa imezimwa. Wasafishaji wawili waliinamia glavu zao. Bwana Haraka, aliyekuwa anakuja na neno lake, alisimama nalo.

Mama Pacha alijitoa taratibu mikononi mwa yule dada. Hakumwangalia mumewe. Alirekebisha kitambaa chake cha kichwa, kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

"Aliniambia," alisema. "Mume wangu aliniambia siku ileile."

"Alikuambia?"

"Ndiyo. Usijilaumu, dada. Wewe ulifanya yako yote." Kisha akamgeukia Baba Pacha, na sauti yake ilikuwa ile ya kumwagiza sokoni. "Nenda kafanye kazi. Ndege inakusubiri."

Alipanda. Alianza nyuma kama kawaida, akakusanya vikombe, akakunja mikanda, akapangusa meza moja baada ya nyingine. Mwenzake alimwambia hiyo meza umeshaipangusa, akasema ahaa, akaipangusa tena.

Zamu ilipokwisha alimkuta mkewe nje ya geti, amekaa juu ya ukingo wa maua, begi miguuni. Hakuwa ametangulia nyumbani. Baba Pacha alisimama mbele yake akiwa amelivua koti la kijani, amelikunja kwapani.

"Mama Pacha, mimi siku ile..."

"Usinieleze."

"Nilitaka tu..."

"Ukinieleza itabidi nikujibu," alisema. "Na leo sina jibu. Nikikujibu leo nitasema kitu ambacho hatutaweza kukaa nacho nyumba moja."

Aliinuka, akajikung'uta vumbi. Mumewe akanyoosha mkono achukue begi. Mama Pacha alilishikilia kwanza, akautazama mkono ule kama anapima kitambaa. Kisha akamwachia mshikio mmoja, mwingine akabaki nao mwenyewe, wakalibeba hivyo mpaka nyumbani.